Ushauri wa kisaikolojia kwa simu: mimi uliniponya, mdogo wangu nusura umuue. Kabla hujalipia, soma hapa

Mwalimu wa Uyole (mleta uzi)

Wanajamvi, habari za jioni.

Kila baada ya siku chache humu naona mtu anauliza: "Sina raha, silali, nimeona tangazo la mwanasaikolojia wa mtandaoni, nijiunge?" Majibu huwa mawili tu. Jiunge, au achana na hao matapeli. Mimi tiba hiyo ya mazungumzo kwa simu imenirudishia maisha yangu. Tiba hiyo hiyo nusura inizikie mdogo wangu wa kiume. Kwa hiyo siwezi kujibu kwa neno moja, na urefu wa uzi huu mtanivumilia.

Nianze na yangu. Mama alifariki Tukuyu mwaka 2021. Tukazika, tukapokea wageni, matanga yakaisha, nikarudi kazini. Miezi mitatu baadaye nipo kidato cha pili, chaki mkononi, moyo ukaanza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikawa haishuki. Niliamini kabisa nakufa mbele ya watoto. Ikanirudia sokoni Mwanjelwa, ikanirudia kanisani, mwisho nikawa sipandi daladala kwa kuogopa itanikuta humo ndani na milango imefungwa.

Nilipimwa moyo, presha, wingi wa damu, sukari, hadi tezi ya shingo. Vyote safi. Hatua hiyo naomba msiiruke, maana tezi ya shingo peke yake inaweza kumkimbiza mtu moyo na kumnyima usingizi, na hapo hata uongee na nani hutapona. Daktari akaniambia taratibu kwamba ni mashambulizi ya hofu, akanishauri nionane na mtu wa saikolojia.

Ningeweza kwenda hapa hapa mjini. Sikwenda. Nimefundisha Mbeya miaka kumi na sita. Kwenye benchi la kusubiri asingekosekana mzazi wa mwanafunzi wangu. Na mnajua jina la Mirembe linavyorushwa mitaani kama tusi, wakati ile ni hospitali ya wagonjwa wa akili, hospitali kama nyingine, ipo Dodoma tangu enzi za mkoloni na imeponya watu wengi. Aibu hiyo siitetei, ila ndiyo iliyonifanya nimtafute mama mmoja mshauri aliyeko Dar es Salaam, niliyeelekezwa na mtu ninayemwamini. Tukawa tunaongea kwa vidio kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, dakika hamsini. Vikao tisa.

Kikao cha kwanza hakugusa habari ya mama hata kidogo. Aliuliza: Hapo ulipo ni mtaa gani? Ukizidiwa nimpigie nani aliye karibu nawe? Hospitali ya karibu ni ipi? Simu ikikatika, nani anampigia mwenzake? Kuna mtu anayeweza kutusikia? Kisha akanieleza kwamba siri zangu atazitunza, isipokuwa akiona uhai wangu au wa mtu mwingine uko hatarini. Wakati ule niliona ananipotezea muda niliolipia. Sasa najua maswali yale ndiyo yaliyonihakikishia kwamba nimeangukia kwenye mikono salama.

Kikao cha nne akaniambia niegemeze simu kwenye kopo la sukari, nisimame, nikimbie pale pale nilipo kwa dakika moja. Nikakaza kanga, nikakimbia. Moyo ukadunda vilevile kama siku ile darasani, na vidole vikaanza kuchoma. Nikataka kukaa. Akasema, "Usikae, Mwalimu. Uangalie tu huo moyo, usiufukuze." Tukauangalia ukipanda, tukauangalia ukishuka, mimi chumbani kwangu Uyole na yeye kwake. Baada ya miezi kama miwili ile, mwili wangu ulikuwa umejifunza kwamba moyo kwenda mbio si kifo. Daladala nikapanda.

Sasa mdogo wangu. Nitamwita Gwakisa, si jina lake, na ameniruhusu niandike.

Gwakisa yuko kwenye kazi za mbao Mafinga. Mkewe aliondoka na watoto. Akawa ananipigia usiku wa manane analia, hali, halali, anasema kichwa kimejaa. Mimi niliyepona kwa simu nikaona dawa ninayo mkononi. Yule mama ratiba yake ilikuwa imejaa, nikampata kijana mmoja kwa tangazo, nikalipia vikao vinne kwa mkupuo, nikamrushia Gwakisa bando.

Kikao cha kwanza kilikwenda vizuri kwa walivyoona wote wawili. Gwakisa alinyoa ndevu, akavaa shati la kola, akakaa mezani. Mshauri aliona uso na mabega. Mikono ilikuwa chini ya meza, na mikono ilikuwa inatetemeka. Harufu nayo, simu haiibebi. Alipoulizwa kama anakunywa akajibu "kawaida tu", na kwa mtu wa huko, masika ulanzi, ile pombe ya mianzi, unapogemwa, jibu hilo halimshtui mtu. Ukweli ni kwamba alikuwa anaanza asubuhi kabla ya chai, ulanzi ukiisha msimu anahamia pombe kali, kila siku ya Mungu, zaidi ya mwaka. Kikao cha pili akakiri nusu. Mshauri akampongeza, akamwambia aoneshe dhamira, aache kabisa kuanzia siku hiyo.

Gwakisa ni mtu wa neno lake. Akaacha.

Kesho yake jioni alianguka akapigwa na degedege kambini. Siku ya tatu akawa anaona panya wanapanda ukutani, jasho linamchuruzika kama kamwagiwa maji, anamwita mama aliyekwisha fariki. Wenzake walishaanza kutafuta mganga. Mmoja tu, Mungu ambariki, ndiye aliyesema hospitali kwanza. Alilazwa siku tisa. Nilipofika nikamkuta ana dripu, midomo imepasuka, ananiita "mama". Daktari akaniambia: mtu aliyezoea pombe kila siku akiikata ghafla bila usimamizi anaweza kufa.

Yule kijana alikosea. Na mimi nilikosea, maana nilimchagulia mdogo wangu tiba kwa kipimo cha mwili wangu.

Tangu siku ile nimejiuliza ningepaswa kuona nini kabla ya kulipia. Nimefika hapa: je, linalomsumbua huyu mtu linaweza kuingia lote kwenye kioo cha simu? Hofu yangu iliingia yote; mshauri aliiona, akaisikia, akaniongoza hadi ikashuka. Ugonjwa wa Gwakisa, nusu yake ilibaki chini ya meza.

Kwa hiyo ukiwa na hofu iliyopitiliza, majonzi ya msiba yasiyokwisha, usingizi unaokukimbia, sonona (huzuni nzito inayodumu) ambayo bado unaamka, unaoga na kwenda kazini ingawa kwa kujikokota, simu inaweza kukufaa sana. Si mimi tu ninayesema. Uswidi wamekuwa wakitibu sonona na hofu kwa njia ya intaneti kwa zaidi ya miaka ishirini, na tafiti zikaonesha kwamba ile tiba ya kurekebisha fikra na tabia, ikiwa na mshauri halisi anayekufuatilia, inakaribiana kabisa na ya ana kwa ana kwa matatizo hayo. Angalieni maneno "mshauri halisi anayekufuatilia". Programu za kujisomea peke yako wengi huziacha njiani.

Lakini mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Mtu ambaye siku tatu hajalala wala hasikii uchovu, anagawa vitu vyake na kupanga miradi ya mamilioni. Mtu anayekunywa tangu asubuhi. Mtu aliyekonda hadi nguo zinamvuka. Mtu anayewaza kujiua na ameshafikiria atafanyaje: huyo anahitaji mikono ya watu walio karibu naye leo hii. Usimtumie bando. Mpeleke hospitali, na usimwache peke yake njiani. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina idara ya afya ya akili, na hospitali ya mkoa ulipo ndiyo mlango wa kuanzia. Ikiwa hatari ni ya sasa hivi, 112. Kwa watoto kuna 116, bure, na Wizara ya Afya wana 199.

La chumba nalo watu hulidharau. Mwezi wa tatu mvua ya Mbeya ikipiga bati hamsikilizani hata mkipiga kelele, na huwezi kupaza sauti kusema jambo ambalo hujawahi kumwambia mtu. Vikao viwili nilivifanya ndani ya gari la mwalimu mwenzangu lililoegeshwa nyuma ya maabara, vioo vimejaa ukungu, miguu imeganda. Vilifaa. Lakini kama huna hata hilo gari, na nyumba yako ukuta wa vyumba haufiki juu, jiulize kwa ukweli utaongea nini humo.

Nimechoka kuandika. Ulizeni.

---

Chai ya Mufindi

Pole sana Mwalimu, na pole kwa Gwakisa. Nimesoma hapo kwenye panya ukutani nikaweka simu chini. Kaka yangu alikufa hivyo hivyo 2014. Tulimzika tukiamini kalogwa.

---

Mwalimu wa Uyole

Pole sana ndugu yangu. Sana. Hamkujua, kama nami nisivyojua.

---

Mzee wa Isimani

Kamwene wote. Mwanangu Mwalimu, nimekusoma hadi mwisho na sikubezi. Ila nauliza: tulikuwa na wazee, tuna mchungaji, tuna msiba ambapo watu wanakaa na wewe hadi kilio kiishe. Leo unamlipa mtu wa Dar akusikilize kwenye simu. Hivi hatuoni tunanunua tulichokuwa nacho?

---

Mwalimu wa Uyole

Shikamoo baba. Swali lako nimelala nalo, ndiyo maana sikujibu jana.

Matanga ya mama yalinishika vizuri kwa siku zile. Tatizo langu lilikuja wakati wote wameshaondoka, na kila niliyemwambia akanijibu "jikaze, Mungu yupo". Walinipenda, na hawakujua la kufanya na moyo unaokimbia. Yule mama alijua.

Lakini wazo lako la wazee lina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa Benchi la Urafiki. Madaktari wa akili walikuwa wachache mno, akawafundisha bibi za mtaani kukaa na mtu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, kumuuliza maswali kumi na manne, kisha kumsaidia kushughulikia tatizo moja moja. Hata ugonjwa wenyewe wanauita kwa Kishona, *kufungisisa*, kufikiri kupita kiasi, sawa na sisi tunaposema mtu "mawazo yamemzidi". Utafiti uliochapishwa 2016 ulionesha waliokaa na bibi wale walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Kwa hiyo baba, bibi aliyefundishwa akiwa karibu nawe, sioni kwa nini mtu akimbilie simu. Nami ningempata Uyole ningemfuata yeye.

---

Mzee wa Isimani

Marahaba mwanangu. Hilo la bibi kufundishwa nimelielewa. Nitalipeleka kwa mchungaji wetu Jumapili.

---

Nesi wa Zamu

Nafanya kazi wodi ya akili, nyanda hizi hizi za juu kusini, sitasema wapi. Mwalimu umeandika vizuri, naongezea kwenye pombe maana ndiyo inayoua kimya kimya.

Aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu akikata ghafla, kutetemeka na jasho huanza ndani ya saa chache. Degedege huja mara nyingi kati ya saa 6 na saa 48 baada ya glasi ya mwisho. Kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo, mara nyingi ni siku ya pili hadi ya nne. Gwakisa alifuata ratiba hiyo kabisa. Hospitali tunampa dawa za kumtuliza kwa kipimo kinachopungua siku hadi siku, maji, na vitamini B1 kuulinda ubongo. Kwa hiyo ndugu yako akikuambia "naacha leo", usimzuie kuacha, msindikize aachie mahali penye daktari. Na ikiwa mko mbali, asikate yote kwa mara moja huku mnatafuta usafiri.

La pili. Kuna maswali tisa tunayoyatumia kila siku kupima sonona, yanaitwa PHQ-9, yapo kwa Kiswahili. Yanauliza wiki mbili zilizopita: raha imekwisha? usingizi? nguvu? kula? kujiona hufai? Kila moja alama 0 hadi 3, jumla haizidi 27. Mshauri wa mtandaoni anayejielewa atakupa maswali haya au yanayofanana nayo mwanzoni na atayarudia baadaye aone kama unapanda au unashuka. Swali la tisa linauliza kama umewaza ni heri ufe au ujidhuru. Ukijikuta unajibu hilo kwa chochote zaidi ya "hapana", mwambie mshauri siku hiyo hiyo, usisubiri Alhamisi, na umwambie pia mtu mmoja anayelala nyumba moja na wewe.

Zaidi ya hapo mshauri si lazima awe daktari. Dawa anaandika daktari. Mshauri wa mtandaoni akianza kukutumia majina ya vidonge ukanunue duka la dawa, muage.

---

Maua ya Kitulo

Samahanini, nimefungua akaunti leo kwa ajili ya uzi huu. Naishi upande wa Makete, nina mtoto wa miezi minane. Sina raha tangu nijifungue, nalia bila sababu, ila sababu nyingine ninayo. Mume wangu ana mkono mwepesi. Simu yangu anaikagua kila jioni. Nilitaka kujiunga na huduma ya mtandaoni kwa sababu siwezi kutoka bila kuulizwa. Naombeni ushauri kwa upole.

---

Nesi wa Zamu

Mdogo wangu, asante kwa kusema. Kosa si lako.

Kwa hali yako, kwa simu hiyo, hapana. Si kwamba tiba haifai. Anayekuumiza analala chumba kimoja na ushahidi. Ujumbe mmoja ukiingia akiwa ameshika simu, unayeumia ni wewe, na mshauri aliye mbali hawezi kukufikia.

Fanya hivi. Mtoto wa miezi minane bado anapimwa uzito. Siku ya kliniki hakuna atakayekuuliza unakwenda wapi. Ukifika, muuguzi akimaliza na mtoto, mwambie kwa sauti ya chini: "Naomba kuongea na wewe peke yetu." Mweleze machozi na mweleze mkono. Huzuni baada ya kujifungua inatibika, na hospitali ina afisa ustawi wa jamii anayejua njia. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, nalo unaweza kulifikia kupitia ustawi usiende peke yako. Ukimaliza kusoma hapa, toka kwenye akaunti na ufute kumbukumbu za ulichofungua.

Swali moja tu, nijibu ukiweza: kuna saa umewaza kujidhuru wewe au mtoto?

---

Maua ya Kitulo

Hapana dada, mtoto hapana kabisa. Mimi nimewahi kutamani nilale nisiamke, ila si kufanya kitu. Kliniki ni Jumatano. Nafuta sasa.

---

Nesi wa Zamu

Hilo la kutamani kutoamka mwambie muuguzi kwa maneno hayo hayo. Na likibadilika kabla ya Jumatano, usiisubiri siku ya mtoto, nenda siku hiyo hiyo. Niko hapa.

---

Fundi wa Kabwe

Mimi ni wa simu na kompyuta, saikolojia siijui, ila kuna upande mmoja hamjaugusa: mnachokisema kinabaki wapi?

Ufini kulikuwa na kampuni ya tiba ya saikolojia inaitwa Vastaamo. Mafaili yake yaliibwa, na mwaka 2020 mwizi akaanza kuwaandikia wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja: nilipe, la sivyo uliyomwambia mshauri wako nayaweka hadharani. Walioguswa ni zaidi ya watu 30,000. Mdukuzi alihukumiwa 2024 kifungo cha zaidi ya miaka sita, lakini siri zikishatoka hazirudi. Marekani nako, 2023, tume yao ya biashara iliituhumu BetterHelp, kampuni ya ushauri wa kisaikolojia mtandaoni, kwamba ilipeleka taarifa za wateja kwa Facebook na Snapchat kwa ajili ya matangazo, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 7.8.

Kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya inazihesabu kuwa nyeti. Kwa hiyo una haki ya kumuuliza mshauri bila aibu: maelezo yangu unayaandika wapi? nani mwingine anayaona? vikao vinarekodiwa? Akikasirika, umeshapata jibu.

Na vitu vidogo vya nyumbani. Zima ujumbe kuonekana kwenye kioo simu ikiwa imefungwa. Ukilipa kwa simu, ujumbe wa malipo unabaki na jina la mpokeaji. Zile huduma za nje zinatoza kwa kadi na zinajikata zenyewe. Nyingine ni zaidi ya dola 60 kwa wiki, hata ukihesabu dola kwa 2,500 ni 150,000 na ushee kila wiki, na wengine wanakata ya mwezi mzima kwa mkupuo. Jua namna ya kujitoa kabla hujaingia.

---

Mtoto wa Kihesa

Niko chuo Iringa mwaka wa mwisho. Mimi kuongea siwezi, nikianza koo linakaba. Kuandika naweza. Huduma za kuandikiana tu zinafaa? Na je, mshauri wa nje anayetumia Kiingereza ni bora kuliko wa hapa?

---

Mwalimu wa Uyole

Mwanangu, kuandika kunafaa kuanzia. Kuna watu mlango wao ni vidole. Ila mshauri hasikii sauti yako ikikatika, haoni kama umekaa kimya dakika tano unalia au umekwenda kuchota maji. Anza kwa kuandika, mwambie wazi kwamba lengo ni siku moja muongee hata kwa sauti bila picha. Na kabla ya yote uliza chuoni kwenu kama kuna mshauri wa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Iringa wanafundisha shahada ya saikolojia ya ushauri, hivyo hapo ulipo watu wa fani hiyo hawako mbali kama unavyofikiri.

Kuhusu lugha, nikuambie kitu sijamwambia mtu. Kikao cha sita niliongea Kiswahili vizuri kabisa, kama nafundisha, nikieleza siku mama alipokata roho. Mshauri akaniuliza, "Mama alikuwa anakuitaje?" Nikalitamka lile jina kwa Kinyakyusa. Basi. Nililia dakika ishirini, na yeye hakusema kitu, alikaa tu na mimi. Hajui Kinyakyusa, ila alijua kuuliza. Kwa Kiingereza nadhani ningekuwa bado natoa maelezo hadi leo. Kama wewe unaota na kugombana kwa Kiingereza, nenda nacho. Kama sivyo, tafuta mtu ambaye mbele yake hutatafuta maneno.

Na jipe kipimo. Vikao vitatu au vinne. Kama hakuna lolote linalosogea, na mkiliongea hilo yeye anajitetea tu, badilisha. Kubadilisha mshauri si kushindwa tiba.

---

Mtoto wa Kihesa

Asante mama. Nimeuliza leo, kumbe yupo, ofisi yake iko nyuma ya maktaba, nimeipita miaka mitatu.

---

Kijana wa Mbao

Mwalimu, mimi niko Mafinga huku huku na nimekunywa asubuhi hii. Sijawahi kuandika humu. Gwakisa yukoje sasa?

---

Mwalimu wa Uyole

Kaka, asante kwa kuandika. Kwanza wewe: usikate leo peke yako. Nenda hospitali ukiwa hivyo hivyo ulivyo, uwaambie unakunywa kiasi gani na tangu lini, usipunguze hata chupa moja kwa aibu. Mchukue mtu mmoja mwende naye. Nitumie ujumbe wa faragha, Gwakisa amesema yuko tayari akusindikize, mko mji mmoja.

Yeye ana mwezi wa kumi na moja bila pombe. Miezi mitatu ya mwanzo alikuwa anakwenda hospitali ana kwa ana, kila wiki, akiguswa mkono, akipimwa, akinuswa mdomo kama mtoto, na hakuona vibaya. Mwezi wa nne daktari mwenyewe akasema sasa simu inaweza kuingia katikati: mara moja kwa mwezi hospitali, wiki nyingine anaongea na mshauri wa pale pale kwa vidio akiwa kambini. Kile kilichokuwa hakimfai mwaka jana sasa kinamfaa, kwa sababu hakuna tena kilichobaki chini ya meza.

Nilikuwa kwake wiki iliyopita wakati wa kikao. Nilitoka nje nimpe nafasi, ila kabla sijafunga mlango nilimwona anavyojiandaa. Simu hakuiweka mezani mbele ya uso. Aliiegemeza kwenye dumu la maji, mbali kidogo, akarudi nyuma na kigoda chake, akaweka mikono yote miwili juu ya magoti, ionekane.